Sherehe ya bahari nyumbani kwa mtoto wa miaka 5

Dada, kwa kuwa umeuliza namna ya kumwandalia mwanao wa miaka 5 sherehe yenye mandhari ya bahari bila kukodi mapambo, anza na khanga za buluu zilizomo kabatini, uzitandaze mezani zikiwa na mikunjo kama mawimbi. Samaki wakatwe na watoto wenyewe kutoka kwenye maboksi ya biskuti, kila mmoja abanwe kibanio cha chuma mdomoni, kisha wavuliwe kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye uzi na kijiti. Kwangu mchezo huo uliwashughulisha watoto 9 karibu saa nzima. Keki ya sufuria inatosha, ilimradi makaa mengi yawe juu ya kifuniko na machache chini. Maputo yaliyopasuka yaokotwe upesi, kwani vipande vyake huwapalia wadogo.