Muulize Fundi: Geji za kuongeza, na kwa nini nyingine hudanganya

Safari hii tumeweka pamoja maswali yanayohusu geji za kununua dukani na kufungwa ndani ya gari.

Nina Hilux ya dizeli, injini aina ya 5L. Dashibodini ina taa ya oili tu, kwa hiyo nilinunua geji ya presha ya umeme duka moja na sensa duka jingine. Nikifungua swichi kabla ya kupiga stata, mshale unapanda mpaka mwisho; injini ikinguruma unashuka katikati. Nimeuziwa geji mbovu?
*Msomaji, Morogoro*

Hapana ndugu, geji ni nzima na sensa ni nzima, ila hazikuoana. Geji ya umeme haijui oili wala presha. Inachopima ni ukinzani wa sensa, yaani jinsi inavyozuia umeme, kwa kipimo cha omu. Sensa za mtindo wa VDO ya Ujerumani huwa na omu 10 pasipo na presha, kisha hupanda hadi 180 kwenye mwisho wa kipimo. Za mtindo wa Marekani huenda kinyume: omu 240 pasipo na presha, 33 kwenye mwisho. Yaelekea geji yako inasubiri 240 ndipo ilale kwenye sifuri, na sensa inaipa 10. Ndiyo maana mshale unaruka juu injini ikiwa kimya.

Hakikisha mwenyewe kwa mita. Zima injini, chomoa waya wa sensa, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye terminali ya sensa na nyingine kwenye chuma cha injini. Ukiona karibu na 10, tafuta geji inayolingana nayo. Ukiona karibu na 240, geji ndiyo ya mtindo wa Kijerumani. Dawa ya kudumu ni kununua geji na sensa zilizotoka kwenye boksi moja.

Kwa kuwa utaifungua sensa tena, angalia pia uzi. Swichi ya oili ya Toyota hukaa kwenye uzi wa Kiingereza wa nusu ya robo inchi, yaani 1/8 BSPT, wenye meno 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Marekani ni 1/8 NPT, meno 27. Tofauti ni jino moja, hivyo sensa huingia mizunguko miwili kisha inakaza, na fundi mwenye mkono mzito hudhani imefika. Imefika kuharibu uzi wa bloku. Sensa ya Ulaya yenye uzi wa M10 x 1 nayo hudanganya vilevile. Kama haiingii kwa vidole mizunguko kadhaa, acha, nenda katafute adapta ya shaba. Bei yake si kitu ukilinganisha na bloku.

Usiitupe swichi ya zamani. Funga tii ya shaba (kiungio chenye umbo la T) ili taa na geji zifanye kazi pamoja, maana mshale unaweza kushuka ukiwa unatazama barabara, na taa itakushtua. Lakini usiining'inize ile sensa nene kama kopo moja kwa moja kwenye tii. Mtetemo wa dizeli huivunja shingo ya tii, na oili yote humwagika chini kwa muda mfupi. Tumia hozi fupi ya oili iliyosukwa kwa waya wa chuma, kisha funga tii na sensa kwenye ukuta wa boneti kwa klipu. Hapo sensa haigusi injini tena, kwa hiyo ivutie waya wake wa ethi (njia ya umeme kurudi betri) kutoka kwenye mwili wake hadi kwenye bolti ya injini.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba ndiyo adui mwingine. Sensa yenye terminali moja hupata ethi kupitia uzi wake. Ukiizungushia tepu nyingi umeikata ethi, na mshale utacheza ovyo au utasoma uongo. Paka gundi ya uzi kidogo, acha meno mawili ya mwanzo yakiwa matupu ili gundi isiingie kwenye njia ya oili.

Ukishamaliza, usiogope namba ndogo. Kwa injini nyingi za Toyota za kizazi hicho, injini ikiwa imepata moto, kiwango cha chini kinachokubalika injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta ni takriban bar 0.3, na kwenye mizunguko 3,000 ni bar 2.5. Asubuhi oili ikiwa baridi utaona nyingi zaidi. Cha kukusumbua ni mabadiliko: gari lililozoea bar 3 kwenye mlima fulani likianza kuonyesha 2, simama uangalie kijiti.

Nimefunga geji ya joto la maji, sensa ikiwa kwenye mpira wa juu wa rejeta. Asubuhi inakaa chini dakika nyingi, halafu inaruka ghafla. Geji ya kiwandani inapanda taratibu. Niamini ipi?
*Msomaji, Dodoma*

Zote mbili, kwa sharti ujue kila moja inapima wapi. Kwenye injini nyingi mpira wa juu uko baada ya thamostati. Mpaka thamostati ifunguke, mara nyingi kwenye nyuzi 82 au 88, maji ya moto hayajafika kwenye sensa yako. Ikifunguka, yanakuja kwa mkupuo. Huko kuruka ni dalili nzuri.

Geji ya kiwandani nayo ina ujanja wake: kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni mshale umetengenezwa ubaki katikati ingawa joto linapanda na kushuka nyuzi nyingi. Ukiuona umesogea, mambo yameshaharibika. Kwa hiyo geji ya kuongeza ina faida, ila sehemu bora ya sensa ni kwenye silinda hedi au chini ya thamostati, kama kuna tundu lenye plagi.

Ukibaki na adapta ya mpira, pima kipenyo cha ndani cha mpira kwanza. Zinauzwa kwa milimita, 28, 32, 34, 36 na kadhalika. Subiri injini ipoe kabisa, shusha maji. Usikate kipande kirefu kama adapta. Kila upande mpira uifunike walau sentimita 2, kwa hiyo adapta ya sentimita 6 inataka ukate sentimita 2 tu. Adapta imezungukwa na mpira pande zote, haina ethi: kuna skrubu ndogo pembeni, hiyo ndiyo ya waya wa ethi. Wengi huiacha, kisha hulalamika sensa imekufa.

Jambo moja la hatari. Maji yakiisha, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale ulioshuka ghafla ukiwa kwenye mlima si habari njema.

Niunge wapi umeme wa geji tatu? Na nikiwasha taa kubwa, mishale yote inasogea kidogo.
*Msomaji, Mombasa*

Tuanze na mishale, dada: ethi yako imeunganishwa pamoja na ya taa au ya redio. Zipe geji ethi yao, waya mmoja kutoka geji zote hadi bolti safi ya bodi, rangi ikiwa imekwanguliwa.

Umeme uchukue kwenye boksi la fyuzi, kwenye nafasi inayowaka swichi ikiwa kwenye ON na kubaki hai wakati wa kupiga stata. ACC huzimika stata inapozunguka. Tumia kishikio cha fyuzi mbili kinachochomekwa kwenye nafasi ya fyuzi, fyuzi ya geji ampea 2 au 3, waya wa milimita za mraba 0.75. Waya wa taa ya geji uende kwenye mzunguko wa taa ndogo. Rangi za waya hazina sheria moja, soma karatasi ya geji.

Kabla ya kugusa chochote, toa terminali hasi ya betri na usubiri sekunde 90. Waya na soketi za njano ni za eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga abiria ajalini). Usizichune, usizipime kwa taa ya majaribio. Na kama nguzo ya kioo cha mbele imeandikwa SRS, alama ya eabegi, usiweke vikombe vya geji pale: pazia la eabegi likifunguka litavirusha usoni. Weka juu ya dashibodi au kwenye nafasi ya redio. Pima kwanza: geji nyingi ni milimita 52, za Kijapani nyingine ni 60.

Geji ya presha ya turbo kwenye Forester yangu hapa Nairobi haifiki bar -0.7 injini ikiwa imetulia kama video zinavyoonyesha. Kuna hewa inavuja?
*Msomaji, Nairobi*

Si lazima. Nairobi iko juu, hewa yake ina presha ya karibu bar 0.82 badala ya 1.01 ya Mombasa, na geji hupima tofauti na hewa ya nje. Karibu na -0.5 ni kawaida. Hakikisha tu tii imeingia kwenye mpira unaotoka intake manifoldi (njia za hewa kuingia kwenye silinda), si ule wa turbo kwenda wastegeti (vali ya kupunguza presha ya turbo), ambao hauonyeshi mvuto kabisa.

Land Cruiser yangu ya Kijapani ina betri mbili. Nifunge geji ya volti 12?
*Msomaji, Arusha*

Pima kwanza. Betri mbili peke yake si ushahidi, maana nyingine zimeunganishwa sambamba na gari ni la volti 12. Likiwa la 24, nunua geji za volti 24 au kibadilishi cha 24 kwenda 12. Usivute 12 kutoka betri moja: hiyo itachoka, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi kadhaa utanunua zote mbili. Kumbuka na balbu ya ndani ya geji. Ya volti 12 huungua papo hapo.