Re: Tamthilia au filamu za historia, ipi inakukamata zaidi?

Mkuu umeuliza tamthilia au filamu za historia, mi hapa Iringa za Kituruki naangalia kwa sababu mama watoto ndo kashika rimoti, afu mtu anafungua mlango dakika tatu nzima muziki unalia tu hadi ugali unapoa 😂. Za historia ndo ugonjwa wangu, ila nikiona shujaa katoka vitani siku ya tatu na nguo imenyooka pasi nazima. Sa mi natamani vita ya Lugalo 1891 iigizwe kwa bajeti ya maana, vile Wahehe walivyomlaza Zelewski na jeshi lake la Kijerumani, maana fuvu la Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe, si lipo hapo Kalenga toka lirudishwe 1954, bodaboda tu unafika.