Kanyagio la breki linazama: je, ninunue masta silinda mpya?

SWALI: Gari langu ni Toyota Corolla lenye diski mbele na dramu nyuma. Hivi karibuni fundi alibadilisha pedi za mbele na kuzifungua kalipa zote mbili (vifaa vinavyobana pedi kwenye diski) ili azisafishe. Tangu siku hiyo kanyagio la breki ni laini na linashuka karibu na sakafu, ingawa nikilipampu mara mbili tatu linapanda. Upepo (hewa inayonaswa kwenye mafuta ya breki) umeshatolewa mara mbili bila mafanikio, na sasa fundi ananishauri ninunue masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki kanyagio linapokanyagwa. Je, nikubali? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kwanza. Kanyagio lenyewe linaweza kuonyesha kasoro ilipo, ilimradi likanyagwe kwa namna inayotenganisha chanzo kimoja na kingine. Na kwa kuwa suala ni breki, naomba gari lisiingie barabarani hadi kasoro hiyo ijulikane.

Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka msaada wa busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu) uishe, kisha shikilia kanyagio kwa nguvu isiyobadilika kwa muda wa dakika moja hivi. Likizama taratibu ilhali hakuna mahali panapovuja, mipira ya ndani ya masta silinda, inayozuia mafuta yasipenye, inayapitisha, na fundi wako atakuwa sahihi. Angalia pia sehemu masta inapoungana na busta, kwa sababu mafuta yanayovujia humo hayaonekani chini ya gari. Kushuka kidogo unapowasha injini huku umekanyaga si kasoro. Hiyo ni busta inayofanya kazi yake.

Kwa maelezo yako, hata hivyo, siamini kwamba tatizo ni masta. Kanyagio linalopanda baada ya kupampuliwa kwa kawaida hutokana na upepo uliobaki ndani ya mfumo, au na nafasi kubwa mno kati ya shuu (vipande vinavyosukumwa vishike dramu kwa ndani) na dramu za nyuma. Vuta hendibreki kwa nguvu, kisha kanyaga: ikiwa kanyagio sasa linashika juu zaidi, shuu za nyuma zinahitaji kurekebishwa. Lisipobadilika, rudi kwenye upepo.

Hapo ndipo ninaposhuku zaidi, kwa sababu kalipa zote mbili zilifunguliwa kwa wakati mmoja. Katika magari mengi kalipa ya kushoto hukubali kufungwa kulia bila kipingamizi chochote, lakini skrubu ya kutolea upepo, ambayo inapaswa kuwa sehemu ya juu ya kalipa, huishia chini. Upepo hukaa juu ya mafuta, kwa hiyo fundi anaweza kumaliza chupa nzima akitoa mafuta safi huku upepo umebaki palepale. Inama utazame skrubu hizo. Ni kazi ya dakika chache, nayo inaweza kukuokolea bei ya masta nzima.

Upepo unapotolewa tena, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ambalo kwa gari la usukani wa kulia kwa kawaida ni la nyuma kushoto, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine. Weka kipande cha ubao chini ya kanyagio ili lisifike sakafuni, kwani katika masta iliyozeeka mipira husukumwa hadi sehemu yenye kutu isiyotumika siku zote, na hapo ndipo inapochanika. Tumia mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha chombo cha mafuta hayo kwenye gari kinavyoelekeza, kamwe si oili ya injini, ambayo huvimbisha mipira yote ya mfumo. Chupa iliyokaa wazi haifai: kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa kwa DOT 3 mpya ni nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kinashuka hadi 140, joto ambalo breki zinaweza kulifikia kwenye mteremko kama wa Kitonga.

Ikiwa jaribio la kwanza litathibitisha kwamba masta imekufa, mwombe fundi aijaze mafuta na kuitoa upepo ikiwa mezani kabla ya kuifunga.