Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Sinia Langu la Udongo Linapinda?

SWALI: Ndugu Mshauri, nimejaribu mara tatu kufinyanga sinia dogo la mapambo kwa udongo wa pakiti, ule unaokauka wenyewe bila kuchomwa. Kila mara linatoka zuri mikononi, lakini kesho yake nakuta pembe zimeinuka na kitako hakikai sawa mezani. La mwisho lilipasuka pale ukingo unapoungana na kitako, ingawa nililianika juani ili likauke upesi. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa umelitaja mwenyewe: ni hilo jua. Udongo huu hukauka kwa kupoteza maji, na kadiri unavyoyapoteza ndivyo unavyosinyaa, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 10, hivyo sinia lililokatwa kwa upana wa sentimita 20 likiishia na sentimita 19 au 18 halijaharibika. Taabu huanza upande mmoja unaposinyaa kabla ya mwenzake. Juani, uso wa juu hukauka ndani ya saa chache huku upande wa chini, uliolalia ubao, ukiwa bado mbichi. Uso wa juu hujivuta na kuzinyanyua pembe. Ufa nao una asili hiyo hiyo, kwa kuwa ukingo mwembamba uliozungukwa na hewa hukauka mapema, ukavutana na kitako ambacho bado kina maji, na kiungo kikaachia.

Anzia kwenye unene. Weka papi mbili (vipande vyembamba vya mbao) zenye unene wa milimita 6, moja kila upande wa donge la udongo, kisha sukuma mpaka kisukumio kitembee juu ya papi zenyewe, na hapo unene utakuwa mmoja kila mahali. Sukumia juu ya kitambaa au karatasi, na unapohamisha bamba lako, yaani udongo uliokwisha kusukumwa, libebe pamoja na kitambaa hicho, kwa sababu udongo ulioinuliwa kwa vidole ukapinda, hata ukinyooshwa, hupenda kupinda tena pale pale unapokauka.

Kuhusu ukingo, ushauri wangu ni kwamba usiuunge kabisa ikiwa unaweza kuuepuka. Tandika plastiki nyembamba ndani ya sahani pana isiyo na kina, lilaze bamba humo, likandamize taratibu kwa sifongo yenye unyevu kidogo, na ukingo utapanda wenyewe bila kiungo. Ukilazimika kuunga, chora mistari kwa uma pande zote mbili, paka uji mzito wa udongo ule ule, kandamiza, kisha ongeza uzi mwembamba wa udongo kwenye kona ya ndani na uusawazishe kwa kidole. Usiwe mkarimu wa maji: wanaoanza hulowesha vidole kila dakika ili uso ung'ae, na uso huo huo ndio unaochanika baadaye.

Kisha lifunike kwa plastiki iliyolegea usiku wa kwanza, kivulini, mbali na upepo. Likishika umbo, litoe kwenye sahani, liweke juu ya wavu na uligeuze kila baada ya saa chache. Kwa unene huo huweza kuchukua hadi siku tatu. Liguse kwa shavu: likiwa bado na ubaridi, maji yamo. Lile lililopasuka usilitupe. Jaza ufa kwa udongo uliolainishwa, uache ukauke, kisha jaza tena, maana kijazio nacho husinyaa.

SWALI: Nikilipaka vanishi, naweza kulitumia kwa vyakula na vikombe?

JIBU: Hapana. Chombo cha mfinyanzi huwa kigumu cha kudumu kwa sababu kimepita kwenye moto wa mamia ya nyuzi, mara nyingi karibu na 1,000 za Selsiasi, na udongo wake umebadilika asili. Huu wako umekauka tu. Ukiloweshwa vya kutosha hulainika tena, na vanishi ni ngozi tu ambayo mkwaruzo mmoja huitoboa. Liwekee pete, funguo au vifungo. Hata manukato yanayovuja yana madhara, kwa kuwa spiriti iliyomo hulainisha vanishi ya akriliki.

SWALI: Rangi yangu huonyesha kila alama ya vidole, na vanishi ilibambuka. Nifanyeje?

JIBU: Alama huondolewa kabla ya rangi. Sugua sinia lililokauka kabisa kwa msasa namba 120, halafu 240, ukiwa umefunika pua na mdomo kwa sababu vumbi lake ni jepesi na baya kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu, si kilicholowa. Paka rangi ya akriliki kwa matabaka membamba, na upande wa chini pia, kwani sinia jembamba lililopakwa upande mmoja tu huweza kupinda upya kwa maji ya rangi. Vanishi iliyobambuka ninaishuku kuwa iliwahi mno: unyevu uliobaki ndani hutafuta njia ya kutoka, ukaisukuma. Subiri siku nzima baada ya tabaka la mwisho la rangi, kisha paka vanishi mara mbili, nyembamba, na ukimaliza bandika vipande vinne vya kitambaa kizito chini ya kitako ili kisikwaruze meza.