Yaya, Vijana Wanataka Kuigiza Mahali pa Homilia

SWALI
Yaya, jambo sana. Mimi ni animatrisi, yaani mlezi, wa Xaveri, chama cha vijana Wakatoliki, hapa Kadutu, Bukavu. Tunakwenda mafungo ya siku tatu kando ya ziwa, vijana 26 wa miaka 13 hadi 17, na padri amewaachia Misa ya Jumapili ya kufunga waitayarishe wenyewe. Kikao cha kwanza kilivunjika. Saa nzima iliishia kwenye nyimbo: hawa wanataka za Lingala, wale za Kimashi, mpiga kinanda anataka zile anazozijua tu. Jambo moja tu ndilo walilokubaliana: homilia, yaani mahubiri ya Misa, iondolewe, wao waigize mwana mpotevu. Mama mmoja wa korali anasema ni dharau kwa altare. Nikatae ama niwaache?
Animatrisi, Kadutu

JIBU
Mdogo wangu, huyo mama ana haki nusu. Homilia ni ya padri au shemasi, ndivyo inavyosema Sheria ya Kanisa ya 1983. Lakini igizo halina kosa, limekosa tu pa kukaa. Lipeleke Jumamosi usiku, kwenye moto, na padri awepo. Katika mafungo yetu kijana aliyeigiza baba hakungoja mwana afike: alivua ndara, akakimbia, akajikwaa kwenye bidoni, maji yakazima makala chini ya sufuria ya bugali. Tulikula saa nne usiku. Kesho yake padri hakumgusa mwana hata kidogo. Alihubiri juu ya mzee anayekimbia pekupeku.

Kwenye nyimbo mmeanzia mkiani. Funga kinanda kwa muda wa saa moja. Injili ya Jumapili hiyo isomwe mara mbili kwa sauti, Kiswahili kisha Kimashi, halafu kila mmoja aandike neno moja lililomkaa. Hapo ndipo mchague. Wimbo usiogusa neno lolote ubaki nyumbani, hata kama unachezeka vizuri namna gani.

Kazi nazo ni nyingi kuliko wanavyodhani. Misale yetu ya Kizaire, yaani utaratibu wa Misa wa Kongo uliokubaliwa na Roma mwaka 1988, ina mtangazaji: ndiye anayewaamkia watu na kuwaandaa kabla ibada haijaanza. Mpe yule mwenye kelele kuliko wote, utaona atakavyonyooka. Msomaji naye huomba baraka kwa padri kabla ya kusoma, basi wafanye mazoezi ya kwenda, kuinama na kurudi, maana hapo ndipo wengi huanza kucheka. Na toba, wakumbushe, haiji mwanzoni. Inakuja baada ya mahubiri na Nasadiki, kisha watu wanapeana amani. Wale waliogombania nyimbo uwaketishe benchi moja.

Maombi ya waamini yawe matano, mafupi. Sisi tuliandika 14, la tisa likawa ripoti nzima ya barabara, padri akakohoa. Moja litoke kwenye kitu walichokiona njiani kwa macho yao. Kwa matoleo, sioni haja ya kununua kapu la matunda ya kupendeza: wabebe unga na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walizonunua kwa michango yao. Wachezaji wafanye mazoezi kwenye saruji yenyewe, si kwenye nyasi, saruji inateleza.

Tena, Xaveri ilizaliwa hapa hapa Bukavu mwaka 1952, padri Georges Defour akiianzisha kwa ajili ya vijana. Usimwambie mama huyo hayo kwa kumshinda, lakini wewe uyajue. Yeye mwendee na soda, umwombe aje Ijumaa jioni awafundishe wimbo mmoja wa Kimashi, ule anaouimba bila kitabu. Abebe kitenge cha kujifunika, ziwani usiku kuna baridi.