Kuvua paiki kwa kayaki: fimbo ipi, waya wa urefu gani?

SWALI: Nilikulia Mwanza nikivua sangara. Sasa niko Västerås, Uswidi, na nimenunua kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia) ya kuvulia paiki, samaki mla samaki wa maziwa ya huku, katika ziwa Mälaren. Nina fimbo ya mita 2.7 na mshipi wa nailoni wa milimita 0.40. Nimeshapoteza vyambo viwili, vyote vimekatwa. Nibadilishe nini?

JIBU: Anza na waya, maana kila mshipi unapokatwa, paiki anaondoka na ndoano mdomoni. Meno ya sangara ni madogo na yamesongamana kama tupa. Hukwaruza, na nailoni nene huyastahimili. Paiki ana meno marefu, makali, kwenye taya la chini, na mengine kwenye kaakaa yaliyoelekea kooni. Nailoni ya 0.40 haimsumbui hata kidogo.

Kwa chambo bandia, funga, kati ya mshipi na chambo, waya laini wa chuma wa nyuzi nyingi, wenye nguvu ya kilo 15 hadi 20 na urefu wa sentimita 40. Kwa samaki mfu ongeza hadi 60, kwa sababu paiki hukiokota chambo na kukigeuza, na mshipi ulio juu ya waya huweza kupita katikati ya meno. Waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe utupe siku hiyo hiyo. Hukatikia pale pale ulipojikunja. Mshipi mkuu uwe wa kusuka, milimita 0.20 hadi 0.25. Mwembamba zaidi utakuponza: chambo kikinasa kwenye magugu huku upepo unaisukuma kayaki, mshipi ndio unaobeba uzito wote.

Sasa fimbo. Mita 2.7 inafaa ukiwa umesimama ukingoni. Kwenye kayaki umekaa usawa wa maji, na samaki akifika ubavuni unalazimika kuisimamisha fimbo wima; ncha hupinda kupita kiasi na kuvunjika. Fupi sana nayo haifai, kwani paiki akipita chini ya chombo lazima ncha ifike mbele ya omo ili mshipi uzunguke upande wa pili. Chukua mita 2.1, inayorusha chambo cha gramu 20 hadi 80, na mpini usiozidi sentimita 35 chini ya rili (gurudumu la kuzungushia mshipi), la sivyo utakwama kwenye jaketi la kuokolea kila unapozungusha. Ya pili, kama utaitaka, iwe ya urefu huo huo lakini laini kidogo, kwa samaki mfu. Zaidi ya mbili ni vurugu tu.

Samaki mfu, heringi wa sentimita 15 kwa mfano, mfunge kwa ndoano mbili za matawi matatu, saizi 4, zilizoachana sentimita 7 au 8. Ukirusha na kuacha boya lielee, ndoano ya juu ikae kwenye shina la mkia. Ukimburuta nyuma ya kayaki, ya juu ipite midomoni, aende kichwa mbele. Akivutwa kwa mkia huzunguka na kuusokota mshipi. Boya likizama, kaza mshipi na uvute mara moja. Ukisubiri, paiki ameshameza, na kuitoa ndoano kooni ukiwa umekaa kwenye chombo kinachoyumba ni hatari kwake na kwako.

Ndiyo maana vijino vya ndoano zote, vile vinavyoizuia isichomoke, vibanwe kwa koleo kabla hujaondoka nyumbani. Ndoano moja ikiwa mdomoni mwa samaki na nyingine imeshika suruali yako, kila anapojirusha inazidi kuzama. Beba wavu wa mpira, koleo ya mdomo mrefu wa sentimita 25, na mkasi wa waya unaoweza kukata ndoano yenyewe. Vyote vifungwe kwa kamba.

Vishikio vya fimbo viweke mbele ya kiti. Kugeuka nyuma kuchukua fimbo inayovutwa ndiko kunakopindua kayaki, na maji ya Mälaren mwezi Aprili bado ni baridi kali. Breki ya rili ilegeze hadi kilo 2 au 3, ukipima kwa mizani ya ndoano. Inatosha: paiki mkubwa ataikokota kayaki, na huko kukokota ndiko kutakakomchosha.