Barua kwa mwanangu: kataa kiti, usikatae pesa

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma nikaona hii si ya kujibu na vidole viwili kwa WhatsApp, wacha nikuandikie imeili nikiwa nimekaa. Umesema bosi amekupea nafasi ya kuongoza timu, mshahara utoke 78,000 uende 120,000, ukakataa, na sasa ofisi nzima inakuangalia kama mtu ametupa sufuria ya nyama, na binamu yako anakuambia ati hupendi maisha. Alafu ukaniuliza: "Baba, ni usonji, hii autism yangu, inafanya nisitake pesa kama watu wengine, ama mimi ni mvivu tu? Na nikizeeka bila cheo itakuaje?"

Uvivu tumalizane nao haraka. Mtu mwenye anakaa mpaka saa tatu usiku anakagua programu ya simu juu kuna kitufe kimoja hakifanyi vile walisema kitafanya, na hakuna mtu amemwambia akae, huyo si mvivu. Binamu yako aende zake.

Hii ya pesa ndio ndefu. Unajua mimi nimekalia dawati la mikopo ya sacco mpaka nikastaafu, kwa hivyo peslipu za watu nimeziona kuliko sura zao. Sheria ya kazi hapa kwetu inasema makato yasipite theluthi mbili ya mshahara, lazima mtu abaki na theluthi moja mkononi, na wewe ungedhani wenye walikuwa wananisumbua na hio theluthi ni matarishi na wafagizi. Wapi. Walikuwa ni mameneja. Mtu amepandishwa cheo mwezi wa tatu, mwezi wa nne yuko kwa dawati langu anataka kuongezewa mkopo juu gari lenye alikuwa nalo halikai vizuri kwa parking ya wakubwa, watoto wamehamishwa shule, nyumba imehamishwa kutoka Donholm ikapelekwa Kilimani, na mshahara mpya wenyewe bado haujaingia. Hao walikuwa wanapenda pesa? Mimi nasema walikuwa wanapenda kuonekana nayo, na ni vitu viwili tofauti kabisa.

Manake wewe pesa unaijali sana. Ni wewe benki ilikukata shilingi thelathini ikakukosesha usingizi mpaka ukaandika barua ikarudishwa. Una ile excel yako ya matumizi mpaka nauli ya matatu iko na safu yake, wakati wa mvua na wakati wa jua. Chenye huna ni ile njaa ya kuangaliwa. Unakumbuka mchango wa mazishi ya babu yako? MC anasoma majina na kiasi, fulani ametoa elfu tano, makofi, fulani ameongeza elfu mbili, makofi zaidi, na wewe ulikuwa umetuma yako kwa paybill wiki mbili mbele na ukasema jina lako lisisomwe, mpaka shangazi zako wakaanza kunong'ona ati hujatoa kitu. Mimi kama mweka hazina wa ile kamati nilijua ulitoa zaidi ya wale wawili wakishikanishwa pamoja.

Na hii si maneno ya baba kusifu mtoto. Katika zile karatasi ulinitumia nisome mwaka ulipopata majibu ya daktari kulikuwa na utafiti mmoja wa 2011 wa Izuma na wenzake, kutoka Caltech kule California. Waliwapa watu nafasi ya kutoa pesa kwa shirika la kusaidia, mara wakiwa peke yao, mara kukiwa na mtu anawaangalia. Watu wa kawaida wakiangaliwa walitoa zaidi. Watu wenye usonji, awe mtu yuko awe hayuko, walitoa vile vile. Nilicheka sana siku hio juu niliona harambee zote za Kenya zingekufa kama sisi sote tungekuwa hivyo, ama labda zingekuwa za kweli, sijui.

Kulikuwa na ingine ya London, ya 2008, ya mtu anaitwa De Martino, ya kuchezesha pesa. Unaweza kumwambia mtu "utabaki na kiasi hiki" ama umwambie "utapoteza kiasi hiki", hesabu ni ile ile moja, lakini wengi wakisikia neno kupoteza wanashtuka wanabadilisha uamuzi. Wenye usonji hawakuyumbishwa sana na maneno, waliangalia hesabu. Sasa rudi uangalie meseji ya bosi wako yenye ulinionyesha: "utapoteza nafasi ambayo haiji mara mbili." Unaona mchezo?

Lakini hapo usinipeleke mbali ukaniambia ati watu wa usonji hawajali pesa, ndio maana uko hivyo, kwisha. Hapana. Kuna mwenye anahesabu sana mpaka anatembea na viatu vimetoboka na akaunti imejaa, kuna mwenye anataka utajiri na anasema wazi, na kuna mwenye mshahara ukiingia wote unaenda kwa kile kitu anakipenda, na hapa sitaji mtu lakini kuna msichana fulani alinunua vitabu vya treni za zamani na akakula githeri mpaka mwisho wa mwezi ndio ajue zaidi kuhusu ile injini ya mvuke Garratt 5918 iko Railway Museum. (Mount Gelai, najua, najua, usinirekebishe.) Na wengi zaidi hawajawahi ata kufika mahali pa kuchagua kama wanataka cheo, juu kazi yenyewe hawana. Uingereza walifanya ripoti 2024, ile ya Buckland, wakapata ni kama watu 3 kwa kila 10 wenye usonji ndio wako na kazi. Uingereza hio, na sheria zao zote. Na moja ya vizuizi ilikuwa intaviu, yale maswali ya "tuambie kukuhusu" yenye hayana kichwa wala mkia. Kwa hivyo ukiona mtu anasema kwa upole ati "sisi pesa si muhimu kwetu", angalia kwanza kama ni yeye amechagua ama ni mlango ulifungwa akazoea nje.

Nikikumbuka mtu wa kukupa mfano nakumbuka Donald Triplett. Huyu ndiye mtoto wa kwanza kwa ile ripoti ya daktari Kanner ya 1943 yenye ilianzisha mambo ya usonji. Mtu wa mji mdogo unaitwa Forest, kule Mississippi, Marekani. Alifanya kazi kwa benki miaka 65, akicheza gofu yake, akisafiri nchi za watu peke yake, akafa 2023 akiwa na miaka 89. Kwa hio benki hakuwa na haja ya kupandishwa cheo. Ni maisha mazuri hayo, mimi nayapenda. Lakini soma vizuri, ile benki ilikuwa ya familia yake. Hakuna mtu angemfukuza kwa sababu haangalii watu machoni. Mimi sina benki, mama (wacha nikuite hivyo, jina ni la mamangu na una kichwa chake), nina pensheni na kiploti Joska.

Ndio maana kwa lile swali la uzee sitakubembeleza. Wewe unahitaji pesa kuliko binamu yako, na sababu ni moja. Yeye akifutwa kazi leo, kesho kutwa ameongea na watu watano kwa baa na ana kazi. Wewe nimekuona ukitoka ile kazi ya kupokea simu, simu mia kwa siku, taa nyeupe, makelele, wakasema hujui kuongea na wateja, ukarudi nyumbani ukakaa miezi kwa chumba chako ata kuongea na sisi kukawa kazi. Ile hali inaweza kurudi. Ikirudi nataka ikukute na renti na chakula cha miezi sita kwa money market, ile akiba ya riba, ndio uweze kulala bila kuogopa landilodi, na ukianza kutafuta kazi ingine utafute ile inakufaa, usichukue ya kwanza kwa sababu ya njaa.

Sasa tufanye hesabu, unapenda hesabu. Kutoka 78,000 kwenda 120,000 ni 42,000 kwa karatasi. PAYE, kodi ya mshahara, ya hapo ni asilimia 30, kuna SHA ya matibabu asilimia 2.75, kuna ya nyumba asilimia 1.5, kuna NSSF ya uzeeni. Kwa mkono utaona kama 27,000 hivi. Hio 27,000 ndio bei wanakupea ya kuacha kukagua, chenye unakijua na unakipenda, uanze kukaa mitingi kuanzia asubuhi, kupigiwa simu Jumapili, kuamua nani apewe likizo na nani amenuna kwa nini. Kwa mtu mwingine ni bei nzuri. Kwako ni hasara, juu ikikuangusha miezi minne tu ukae bila kazi, imekula nyongeza yote ya mwaka na kidogo ya mshahara wa zamani juu yake. Kwa hivyo kukataa ulikataa vizuri.

Lakini ulikataa kiti na pesa pamoja, na hapo ndipo sikubaliani na wewe.

Kwanza ile kadi ya NCPWD, baraza la watu wenye ulemavu. Najua hutaki, umeniambia hutaki kuitwa mlemavu, na sikulazimishi, wewe ni mtu mzima. Nakuwekea tu hesabu. Ukipimwa kwa hospitali iliyoruhusiwa, ukasajiliwa na baraza, alafu KRA, wale wa kodi, wakikubali maombi yako, mshahara wako hadi 150,000 kwa mwezi haukatwi PAYE. Wewe wa 78,000 saa hii unakatwa 13,000 na kitu. Yaani karibu nusu ya ile nyongeza ya bosi unaipata bila mtingi ata mmoja. SHA na zile zingine utaendelea kukatwa. Na ukweli ni kwamba mtu wa mishahara ataiona cheti, hakuna vile itaingia kwa payroll bila yeye kujua, so pima kama unaweza kuishi na hio. Si kila mtu anakubaliwa pia, na kuna kupanga laini, kuna njoo kesho. Nitaenda na wewe kupanga hio laini, mimi nina wakati na gazeti.

Pili, rudi kwa bosi. Usiende ofisini kwake, andika, ukiandika unakuwa simba. Mwambie hutaki kuongoza watu lakini unataka ngazi ya juu ya ukaguzi wenyewe, mkaguzi mkuu ama vile wanaita, na mshahara 95,000. Kuna wahandisi kibao hapo kwenu hawaongozi mtu na wanalipwa kuliko mameneja, kwa hivyo hio ngazi haiwezi kuwa kitu cha ajabu kwao. Weka orodha ya makosa uliyoshika kabla hayajafika kwa wateja, na tarehe, na kama unajua ingegharimu ngapi weka. Kule Denmark kuna jamaa anaitwa Thorkil Sonne, mtoto wake aligunduliwa na usonji, akaanzisha kampuni 2004 ya watu wenye usonji na kazi kubwa ilikuwa hii hii yako ya kujaribu programu, na makampuni yalikuwa yanalipa bei ya soko, si msaada. Hio ni kazi kamili. Usiombe kama mtu anaomba msaada.

Omba pia vile vitu vidogo kwa imeili hio hio: siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, dawati mbali na mlango, maagizo yaandikwe. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2025 inataka mwajiri afanye marekebisho ya maana kwa mfanyakazi, lakini usianze na sheria, watashtuka. Anza na orodha ya makosa.

Na tatu, hii nakuambia kama mtu wa sacco. Usidhamini mkopo wa mtu. Wewe mtu akikuambia atalipa unaamini atalipa kwa sababu wewe ukisema utalipa unalipa, na watu wa ofisi washajua hivyo, ndio maana mwaka jana wawili walikuja kwako na fomu na si kwa mwingine. Fanya iwe kanuni: sidhamini mtu yeyote, kamwe, ata baba. Kanuni unaiweza kuliko kuangalia sura ya mtu ukijaribu kujua kama anadanganya. Hawa wakisema una roho ngumu wacha waseme, wanatafuta mwingine kesho.

Binamu yako nitaongea naye mimi, na mamako ameuliza kama hio ya kukataa cheo ina uhusiano na mambo ya kuolewa, nimemwambia aulize kitu kingine.

Nitumie peslipu ya mwezi huu nihakikishe hizo namba, nimezipiga kwa kichwa. Ukianza kuandika ile imeili na ukwame kwa hapo pa 95,000, juu najua utakwama hapo, usiishushe iwe 85 kabla hujanipigia.

Baba